Fuwele ya Shemeji

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Profesa ametangaza. Nafasi ya kudumu maabarani ni moja, na ataipata mwenye fuwele bora. Atakayekosa, mkataba wake unaisha. Tuko wawili: mimi na Shemeji, mume wa dada yangu. Mimi ndiye niliyemwingiza hapa! Majuto ni mjukuu, na huyu wangu ameshaanza kutambaa.

Fuwele zetu ni vibamba vyembamba vilivyotobolewa vitundu kama sega la nyuki. Yake ina maajabu: katikati mwanga haupiti, unafuata ukingo tu, na ukikuta kona unapinda nayo wala haurudi nyuma. Yangu ni ya mtindo wa zamani. Mwanga unapita kwenye njia niliyoiacha bila vitundu. Lakini inapendeza.

Jumanne, tarehe 5
Wenzangu walipokwenda kula nilibaki. Nikaiweka fuwele ya Shemeji chini ya hadubini, nikaumega ukingo wake kwa sindano. Kidogo tu. Asubuhi Dada alikuwa amenifungia chakula, sawasawa na cha mumewe. Kilinikwama kooni. Nilikimaliza, lakini kilinikwama.

Jumatano, tarehe 6
Shemeji amewasha leza. Kwenye skrini mstari wa mwanga ukafika kwenye pengo langu, ukalizunguka, ukaendelea na safari zake. Haukufifia hata kidogo! Shemeji alikodoa macho. Saa ya chakula nikarudi nikamega tena, pengo la kuonekana hata na mwenye mtoto wa jicho. Haya, zunguka na hilo.

Alhamisi, tarehe 7
Umezunguka na hilo.

Profesa aliliona pengo akapiga makofi. Alisema kuumega ukingo makusudi ndilo jaribio lililokosekana, akauliza ni wazo la nani. Shemeji, kwa ule ukweli wake unaokera, akasema si lake. Nikaona sifa inakwenda bure. Nikanyoosha mkono. Profesa akanitazama sana, kisha akasema vizuri, basi niimege na ya kwangu.

Nikaimega mbele ya watu. Mwanga ukafika kwenye pengo, ukatawanyika, ukafa. Kazi ya mwaka mzima. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Ijumaa, tarehe 8
Shemeji amepewa nafasi. Mimi nilikwenda kukaa kwenye ngazi za nyuma. Akanifuata, akakaa kando yangu. Alisema amejua tangu juzi kwamba ni mimi, na kwamba Dada hatasikia neno. Halafu akasema amemwomba Profesa fuwele ikatwe vipande viwili, kwa sababu pale inapokatwa huzaliwa ukingo mpya, na mwanga utapita huko pia. Kipande kimoja nichukue mimi. Mkataba wangu umeongezwa muda kidogo ili nikifanyie kazi.

Nililia. Najuta, najuta kweli, kifua kinaniuma. Nilimwomba radhi. Akasema sisi ni ndugu, yaishe.

Jumamosi, tarehe 9
Tumeikata. Ukingo wangu mpya unapitisha mwanga vizuri ajabu. Nimeapa sitamdhuru tena mtu huyu. Wema wake sikuustahili, na nitaukumbuka hadi kaburini.

Ila nikitazama vizuri, kipande chake ni kikubwa kuliko changu. Jumatatu nitawahi kufika. Nimeshaazima tupa ya kukisugulia.