Karatasi Zangu za Kihispania Zilivyohamisha Mtaa

Leo nimeumbuka, jamani. Tena barabarani, godoro kichwani.

Kuna Wahispania wanafungua karakana kule Gihosha. Wanataka fundi anayejua Kihispania kidogo. Injini naijua, lugha siijui, na kazi naitaka sana! Jumatatu wananihoji. Nikaazima kitabu. Kumbe hawa watu hawataji kitu bila kukitangulizia kijineno. Kitu chochote tu ni *un* kikiwa cha kiume, *una* kikiwa cha kike. Kile tunachokijua sote ni *el* au *la*. (Nani aliamua kwamba meza ni mwanamke? Msiniulize.)

Asubuhi nikabandika karatasi kwenye kila kitu nyumbani. *La mesa. La olla.* Godoro: *el colchón.* Nikawa nazunguka chumbani nikisoma kwa sauti, raha tupu.

Jirani yangu Mama Zaituni akaja kuomba chumvi. Akaganda mlangoni, akitazama meza, sufuria, godoro.

"Fundi, vyote hivi?"

"Vyote!" nikajibu kwa fahari. "Sibakishi kitu."

Akaondoka. Hata chumvi hakungoja.

Haukupita muda nikasikia vishindo nje. Kuchungulia, mtaa mzima unakimbia! Magodoro, mbuzi, masufuria. Hapa Kinama tumeshakimbia vita mara nyingi, hakuna anayesimama kuuliza. Nikabeba godoro, nikawafuata.

Karibu na Kigobe tukasimama kupumua. Shefu wa mtaa, kiongozi wetu, akauliza, "Nani amesikia risasi?"

Kila mtu akamgeukia mwenzake.

"Sasa tunakimbia nini?"

Mama Zaituni akaninyooshea kidole. "Ni Fundi! Mi nimeona na macho yangu. Ameweka karatasi ku vitu vyote, kama siku ile tuliandika majina juu ya vitu visipotee mu njia. Nikajua amesikia kitu kule mujini!"

Yaani nilikuwa nakimbia karatasi zangu mwenyewe!

Macho yote yakageukia godoro langu. Karatasi bado ipo. Shefu akasoma polepole: "El... Colchón. Huyu ni nani?"

Ikabidi nieleze. Nikaeleza *un*, nikaeleza *el*, juani, mbele ya watu waliobeba vitanda. Mama Zaituni alicheka mpaka akaketi chini. Wengine wakafuata. Tulirudi salama, na kusema kweli, nilifurahi kuwaona wanacheka. Kidogo.

Jumatatu wakiniuliza, sitababaika. Godoro lolote ni *un colchón*. Lile lililofika Kigobe bila sababu, ambalo Kinama nzima sasa inalijua, ni *el colchón*.