Nikivua Kofia, Chekeni

Jumatatu, 3 Machi. Mwaka na miezi mitano tangu niondoke nyumbani.

Nimepata likizo! Msimamizi wetu hapa tunapofua mashuka ya hoteli kanipa wiki tatu kuanzia Jumamosi. Nikisita tu, anampa Meno, mwenzangu wa kwenye pasi, anayecheka hata asipoambiwa kitu. Nimekubali mbio. Nikawapigia watoto. Binti mkubwa kapiga kelele hadi simu ikakwaruza. Kitinda mimba kauliza nani huyo. Akaambiwa asalimie. Akasema, shikamoo mjomba.

Mjomba! Nimecheka.

Jumanne, 4 Machi.

Mwenye ukumbi wa vichekesho kaniita. Ijumaa napanda jukwaani. Mara ya mwisho alicheka mtu mmoja, kumbe anakohoa. Safari hii nina mpango: najaza viti kwa wenzangu wa kufua. Lugha ya hapa hawaijui, mimi mwenyewe naiungaunga, lakini kucheka hakuhitaji kamusi. Nimewaambia: nikivua kofia, chekeni.

Jumatano, 5 Machi.

Mazoezi wakati wa mapumziko, katikati ya mashine za kukaushia. Navua, wanacheka. Meno anacheka kabla sijavua. Nimemwonya. Kaniuliza, kwani kaka, nikicheka mapema kicheko kitaoza? Wakacheka wote, kofia iko kichwani. Simpendi yule mtu.

Binti mkubwa kapiga. Anauliza kama kweli naja, maana keshawatangazia darasani. Mwaka jana alitangaza hivyo hivyo, wakamwita mwongo. Nimemwapia. Jumamosi niko kwenye ndege.

Ijumaa, 7 Machi.

Kichekesho cha kwanza: kimya. Cha pili: kimya. Kofia nimeisahau kabisa! Wenzangu wanaikodolea macho kama paka dirishani pa jiko. Kichwa kikawa kitupu. Nikajikuta nasema ukweli tu, kwamba mwanangu ananiita mjomba. Machozi hayo! Nikavua kofia nijifute.

Wakaangua kicheko. Meno akadondoka kwenye kiti. Ukumbi mzima ukafuata. Nikizidi kulia, wanazidi kucheka. Nimeshuka kwa makofi.

Mwenye ukumbi kanikumbatia. Anataka nilie vile vile kila Ijumaa, kuanzia wiki ijayo.

Jumamosi, 8 Machi.

Safari nimeiahirisha kwa ajili ya ukumbi, likizo kapewa Meno. Kanishukuru hadi nikaangalia pembeni. Kwao si mbali na kwetu, basi nimempa viatu vya watoto awafikishie. Mama watoto nimemweleza kwamba mambo yameiva huku. Kasema sawa. Ile sawa yake fupi naijua. Binti mkubwa hataki simu.

Alhamisi, 13 Machi.

Meno kafika kwetu. Mama watoto anasema kawachekesha watoto mpaka wakaumwa mbavu, na viatu kawavalisha mwenyewe, mmoja mmoja. Anaondoka, kitinda mimba kamng'ang'ania mguu. Analia. Anamwita baba.

Nimekaa juu ya rundo la mashuka. Msimamizi kaniuliza kama naumwa.

Baba! Meno! Nikiwasimulia hili kesho, ukumbi utavunjika mbavu. Hapo ndipo nitakapovua kofia.

Nimemtumia binti ujumbe: narudi mwezi wa sita, bila kukosa. Ikizidi sana, wa nane.