Balthazar Mkataa-Plastiki na Yadi Sita za Kitenge

Pii! ililia mizani ya mizigo sebuleni kabla ya alfajiri, hapa Merrylands, Australia, na kwa mlio huo vita vikaanza. Sogeeni, enyi wana wa Kivu mliotawanyika, zimeni simu zenu, niwasimulie jinsi mjukuu wangu Balthazar, Mkataa-Plastiki, Mlinzi wa Theluji ya Kaskazini, alivyokwenda Brussels bila kuijeruhi dunia.

Ulikuwa mwezi wa kumi na moja, mwaka wa 2021, mipaka ya Australia ndiyo kwanza imefunguliwa. Shujaa huyu, ambaye kazini ghalani hufunga maboksi kwa plastiki tangu asubuhi hadi jioni, aliapa kusafiri na kilo saba tu. Silaha zake zilikuwa kijiko cha mianzi, mrija wa chuma, bakuli la kioo na chupa nzito kama kombora.

Lakini kwetu msafiri hana siri. Jioni iliyotangulia, nusu ya kanisa ilikuja na mizigo ya ndugu zao wa Ulaya: unga, asali, viatu vya manyoya ya kondoo. Balthazar akapanda juu ya kiti.

"Wazee wangu, kila gramu inachoma mafuta! Sitakuwa punda wa kuitia dunia joto!"

"Na ndege yenyewe, baba," akauliza Mama Emerance, "utaipiga kasia?"

Wakacheka, wakabeba vyao. Alfajiri nikabaki na changu: yadi sita za kitenge cha sare tulichovaa kumlilia kaka yetu Kalume, aliyechukuliwa na korona kule Bukavu. Mdogo wangu Léocadie alimlilia peke yake Brussels, mlango umefungwa, bila nguo ya kufanana nasi.

"Koko, mizani imekataa," akaniambia Balthazar, bila kumtazama bibi yake.

"Haya. Kunywa chai, mwanangu."

Akanywa. Kisha, bila hotuba, akakitwaa kitenge akajizungushia shingoni mara nne, kwa maana kinachovaliwa hakipimwi.

Brussels ikampokea kwa baridi na mvua. Kununua koti jipya kwake ni dhambi, teksi ni moshi. Basi akatembea saa mbili, kitenge kichwani hadi magotini, wapita njia wakimpisha kama mfalme, au kama mgonjwa. Léocadie alipofungua, alimkuta mlangoni mama mfiwa, ndevu zikichungulia chini ya barakoa.

Na iandikwe: yadi sita zilifika, zimelowa, haikupungua hata moja!

Léocadie akanipigia simu ya video, amekivaa vilevile, kikidondosha maji. Nyuma yake shujaa alipiga chafya, miguu ndani ya beseni la maji moto.

"Yaya, dada yangu mkubwa, nimefanana nanyi?"

"Umefanana."

Akakamua pindo la kitenge. "Tangu Kalume afe, huyu ndiye wa kwanza kunigongea mlango. Mwambie arudi tena, hata kama atakuja kwa miguu."