Kichwa Kilichosahau Mtaro

Jumatatu, 6 Agosti 1973. Zombo.

Nimeanguka na baiskeli. Mteremko wa korongoni, mbuzi katikati ya njia. Mbuzi mzima. Mimi nundu usoni kama yai la bata. Mganga wa zahanati kanifunga kitambaa, kaniuliza leo siku gani. Kwa kizunguzungu nikajibu Ijumaa. Akamwambia mke wangu Costancia kwamba mtu akigongwa kichwa huweza kupoteza kumbukumbu.

Kupoteza kumbukumbu! Maneno matamu ajabu. Kesho kijiji kinaanza kuchimba mtaro wa bomba la maji, na mimi, Melkizedek, mkutanoni nilisimama nikaahidi hatua thelathini. Walipiga makofi. Makofi yamekwisha, hatua zimebaki.

Jumanne, 7 Agosti.

Alfajiri kaja balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Simoni, jembe begani. Nimempa shikamoo yake, maana adabu haipotei. Kisha nikauliza: mtaro gani? Mkutano gani? Akaniuliza jana nilikula nini. Sijui. Costancia akaangua kilio. Balozi akasema pole, akaenda zake.

Nimelala hadi saa nne! Daftari hili nalificha kwenye gunia la mahindi. Aliyesahau haandiki shajara.

Jumatano, 8 Agosti.

Huyu Mwinshehe! Jirani gani huyu? Kaja kunipa pole, kanywa uji wangu bakuli mbili, kisha akasema amefuata baiskeli yake. Yake! Eti nilimpa wiki iliyopita, kwa moyo mweupe. Nikafungua kinywa nimwite mwongo. Nikakifunga. Ningejuaje kwamba anaongopa? Si nimesahau? Kaondoka nayo akipiga kengele mpaka kwenye kona.

Alhamisi, 9 Agosti.

Costancia kanikumbusha, kwa upole wa kutisha, kwamba tulikubaliana mama yake ashuke kutoka Vidunda aje kukaa nasi. Hatukukubaliana! Miaka sita nimekataa. Mkwe kafika saa tisa na kuku wanane na kinu. Mkwe harudishwi mlangoni. Nimemwamkia kwa heshima zote, nimehamishia mkeka wangu jikoni.

Ijumaa, 10 Agosti.

Landrova mlangoni. Daktari Lupakisyo, kijana wa Kinyakyusa aliyesoma ng'ambo. Anakaa kambini Mikumi anachunguza ubongo wa panya. Mtu mzima na elimu yake, panya! Mganga wa zahanati kamweleza habari zangu. Kaniangalia kama kaokota almasi.

Kaeleza kwamba ndani ya ubongo, kila upande, kuna kipande kilichojikunja kama samaki wa baharini mwenye kichwa cha farasi. Kinaitwa hipokampasi. Kumbukumbu mpya hutengenezwa hapo. Nikauliza kama samaki huyo analiwa. Haliwi. Basi faida yake nini?

Halafu kasema jambo lililonikaa. Mtaalamu mmoja wa Marekani aliandika kwamba panya, hata akiwa mkubwa, huota chembe mpya za ubongo mahali hapo. Wakubwa wa sayansi wengi hawakusadiki. Lupakisyo anasadiki, ndiyo maana yuko Mikumi. Kuhusu binadamu, anasema hakuna ajuaye.

Kisha mtihani. Unafuatisha mchoro wa nyota kwa penseli, lakini mkono umefunikwa kwa ubao, unauona kwenye kioo tu. Ukienda kulia, mkono unakwenda kushoto! Nimetoka nje ya mstari mara ishirini na saba.

Jumamosi, 11 Agosti.

Nyota tena. Nikaapa sijawahi kuiona. Mkono, mjinga huyu, umeanza kuzoea! Nikauzuia. Aliyesahau atazoeaje? Makosa thelathini na matatu. Daktari kaandika, kakohoa.

Jumapili, 12 Agosti.

Nyota baada ya ibada. Makosa arobaini! Nimejipongeza kimoyomoyo.

Lakini Mwinshehe kapita mara tatu na baiskeli yangu, mara ya mwisho kapakia magunia mawili. Siwezi zaidi. Nimepata mpango. Kesho chembe mpya zitaota kichwani mwangu. Za baiskeli tu. Za mtaro zitachelewa.

Jumatatu, 13 Agosti.

Janga!

Uani walikuwapo balozi, Mwinshehe, daktari na mkwe. Nikashika kichwa, nikapepesuka, nikatangaza kwamba chembe zimeota na baiskeli ni yangu. Daktari akauliza habari za chembe nimezipata wapi. Nikamjibu kwa hasira, si wewe mwenyewe uliniambia Ijumaa?

"Ijumaa?" akauliza Mzee Simoni.

Daktari akamalizia. Ng'ambo yuko mgonjwa aliyetolewa kipande kile pande zote mbili. Kila siku huapa hajawahi kuiona nyota, lakini kila siku mkono wake huifuatisha vizuri zaidi. Mkono una njia yake ya kujifunza. Mimi peke yangu ndiye niliyezidi kuharibu. Tena chembe hazioti kwa usiku mmoja, wala hazichagui baiskeli.

"Mzee Melkizedek," akasema kwa adabu, "wewe umesahau kupita kiasi."

Mwinshehe alicheka hadi akakaa chini. Costancia hakucheka. Alinyoosha viganja. Malengelenge matupu. Kumbe tangu Jumanne, kila nikilala, alikuwa anachimba hatua zangu, nisije nikaandikwa mtoro. Kachimba kumi na nane. Alidhani naumwa kweli. Alisema hivyo tu, akaingia ndani.

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini ardhi ya Zombo mwezi wa nane haipasuki bila sururu.

Jumanne, 14 Agosti.

Zilibaki hatua kumi na mbili. Balozi kaongeza kumi za adhabu. Nimechimba tatu. Mgongo! Mwinshehe karudisha baiskeli, gurudumu la nyuma limepinda. Anasema alikuwa anatania. Daktari karudi kwa panya wake. Kasema wao angalau hawamdanganyi. Mkwe anasema hewa ya huku chini imemkubali.

Jumatano, 15 Agosti.

Nimemwomba Costancia msamaha. Nimeapa kwa Biblia kwamba sitasingizia tena ugonjwa wa ndani ya kichwa. Naam, na kiapo nitakitunza.

Masikio yapo nje ya kichwa.

Vumbi la mtaro ni jingi, linaziba. Nani atabisha? Kesho balozi akiita, sisikii. Leo jioni nimefanya mazoezi. Costancia kaniita mara tatu nikapasue kuni. Kimya. Hata sikupepesa jicho. Safi kabisa!

Kisha mkwe akanong'ona kule jikoni, mlango umefungwa, kwamba kuku ameiva na firigisi haina mwenyewe.

Nimeitika nikiwa barabarani.

Si neno. Mazoezi tu yale. Kesho naanza rasmi, baada ya kula.