Risasi Iliyokutwa Kwenye Koti la Shemeji

Leo nimeaibika hadi jasho limenitoka na baridi yote hii. Nimejifungia chumbani hapa mtaani kwetu Soweto, mjini. Mke wangu yuko sebuleni anacheka peke yake, ananyamaza, anaanza tena.

Baba mkwe wangu anaishi Kibosho, huko juu mlimani. Ana bunduki yenye leseni, ya kufukuzia ngedere wanaomaliza mahindi. Mwezi na nusu uliopita, siku mbili baada ya sherehe ya komunio ya mjukuu wake, aligundua risasi moja haipo. Nyumba nzima ikapekuliwa. Ikakutwa kwenye mfuko wa koti la Firmini, mdogo wake mke wangu. Firmini akaapa haijui. Polisi wakamchukua, wakamwachia kwa dhamana, na kila Jumatatu akawa anaripoti kituoni. Wakwe zake watarajiwa kule Uru wakasikia. Wakatuma ujumbe mfupi tu: harusi isubiri kwanza, hadi ijulikane binti yao anaolewa na mtu wa namna gani.

Na mimi? Mimi nilikuwa mshauri mkuu wa kesi (hakuna aliyeniteua). Kila kikao cha familia nilisimama, nikasema shemeji nampenda ila ana mkono mrefu, na mficha uchi hazai. Polisi waliposema risasi inapelekwa maabara, na kila aliyekuwepo kwenye sherehe atoe alama za vidole na mate, nilikuwa wa kwanza kwenye foleni. Nilipakwa wino kwa madaha. Nikaachama kile kijiti cha pamba kipite. Nikawahimiza na wengine wasiogope, asiye na hatia hana cha kuficha.

Leo asubuhi tukaitwa kusikiliza majibu. Tulikaa kwenye benchi baba mkwe na kofia yake, mke wangu, Firmini aliyekonda kwa mawazo, na mimi na suti. (Ndiyo, nilivaa suti.) Pamoja na afande alikuwepo mtaalamu wa maabara, dada mmoja mpole, ana bahasha ya picha.

Jamani, yule dada alianza kueleza nikasahau hata kilichotupeleka. Alisema bahati yetu ni kwamba risasi haikupigwa, maana ikipigwa ule moto huunguza karibu kila kitu. Kwanza waliipangusa kwa pamba yenye unyevu, wakaokota chembe za mate na ngozi ambazo jicho halizioni. Kisha wakaifungia kwenye kisanduku chenye mvuke wa supaglu. Supaglu hii hii ninayogandishia soli za viatu! Mvuke unalifuata jasho la kidole, unaganda juu yake, na alama inajitokeza nyeupe. Na kwenye kitako cha shaba, chumvi ya jasho huila shaba polepole, kwa hiyo hata mtu akifuta, mchoro unaweza kubaki.

Akatoa picha. Mistari myembamba ya kidole gumba, imezungukana, kila mmoja umekaa mahali pake. Nywele zilinisimama. Nina miaka arobaini na moja na sijawahi kukitazama kidole changu sawasawa. Kumbe tunatembea tunaacha sahihi kila tunapogusa! Nilimsifu Mungu kimoyomoyo, halafu nikaharibu kwa kusema kwa sauti, "Dada, huyu mwizi amekwisha."

Dada akanitazama kwa huruma. "Kaka, hiki kidole ni chako. Na mate ni yako."

Mke wangu akageuka taratibu. Mimi nikakataa katakata, nikasema risasi yenyewe sijawahi hata kuiona (kweli, siku ya upekuzi nilikuwa mjini). Afande akaiweka mezani, ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Ganda jekundu la plastiki, fupi, kitako cha shaba.

Nikaijua.

Siku ya komunio, kwa baba mkwe, opena ilipotea na wageni wana kiu. Juu ya kabati nikaona kitu chekundu, nikakidhania kiberiti kilichokwisha gesi. Nani hajawahi kufungua soda kwa kitako cha kiberiti? Nilifungua kreti mbili. Mikono ikijaa chupa, nilikibana kwa meno. Mvua ikaanza, Firmini akavua koti lake akaniazima, nami nikakitia mfukoni. Jioni nikarudisha koti. Basi.

Dada akanionyesha kiduara kidogo katikati ya kitako. Hapo ndipo bunduki hugonga ili risasi ilipuke. Nikawakumbuka watoto wa komunio na nguo zao nyeupe, wamenizunguka, kila mmoja ananyoosha chupa yake. Baba mkwe akavua kofia, akakiri kwamba asubuhi ile alifukuza ngedere, akaisahau risasi moja juu ya kabati. Afande alimsema kwa adabu na kwa muda mrefu. Zamu yangu ilipofika, adabu ilikuwa imekwisha.

Firmini akaambiwa hana kesi. Hakuruka wala kushangilia, alifunika uso kwa viganja tu. Mwezi na nusu nimemwita mwizi kijana ambaye kosa lake ni kuniazima koti mvua iliponyesha. Nilitaka kulia. Nikamwambia nisamehe shemeji, sina la kujitetea.

"Nimekusamehe," akasema. "Ila Uru utaenda wewe. Ukawaeleze wazee wote wakiwa wamekaa, kuanzia opena ilipopotea."

Baba mkwe alipanda Kibosho, na jioni hii ameniletea jani la sale alilolikata mpakani mwa kihamba chake, shamba lake la migomba. Kwetu Wachagga, anayeletewa sale hawezi kukataa kusamehe. Liko hapa kwenye ndoo ya maji, linanisubiri kesho saa tatu.

Kusamehewa Uru nina uhakika. Lakini sale halijawahi kumzuia mtu kucheka, kwa hiyo ninyi tafadhali jizuieni wenyewe.