Bendera ya Manjano na Mke Mzima

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimekuwa mwandishi mashuhuri wa Jakarta nzima. Haya, wa kichochoro chetu. Haya, hadithi yangu ya sentensi tatu, juu ya jogoo, imepata mioyo miwili kwenye kundi la mtaa la WhatsApp, na mmoja niliubonyeza mwenyewe kwa simu ya mke wangu.

Mwalimu Priyanggono, jirani mstaafu, kaandika juu ya mvua na upweke. Mioyo tele. Nami nilimbonyezea, kwa uungwana. Hakunirudishia. Badala yake akaandika mbele za watu: hadithi fupi humkamata msomaji kwa sentensi ya kwanza, Mzee Tugiman, ya kwako imekamata jogoo tu. Kundi zima likacheka. Hata mke wangu Wagiyem, ambaye vitunguu vyake nilikuwa nimemmenyea mimi.

Jumanne, 4 Juni

Sentensi ya kwanza nimeipata. "Mke wangu Wagiyem amefariki leo alfajiri." Halafu nafasi kubwa, kama afanyavyo Mwalimu ili watu wavute pumzi. Chini kabisa: "Saa nne akarudi kuuliza nani kamaliza pilipili yake ya kusaga."

Nikatuma. Nikazima simu, msanii hahesabu mioyo. Nikajilaza.

Kumbe simu huonyesha mwanzo tu, mengine mpaka ubonyeze. Na mtu akifa kichochoro chetu hakibonyezi. Kinakimbia.

Niliamshwa na vishindo vya viti vya plastiki. Bendera ya manjano ya msiba imeshafungwa pale tunapoingilia. Wanawake na beseni za mchele. Mama Nuraeni, mwenyekiti wa mtaa, akauliza maiti iko wapi waioshe. Nikamjibu iko sokoni, inanunua samaki. Akanishika bega, akanong'ona nipewe maji, uchungu umenipanda kichwani.

Ndipo maiti ikatokea na kikapu. Muuza supu ya nyama akatimua mbio, mkokoteni kauacha hapo hapo.

Wagiyem akawapa wageni chai, akawashukuru kwa mchele, akafungasha nguo zake. Anakwenda kwa dada yake, mji wa Bekasi. Akasema marehemu hapiki, na hatafufuka mpaka nimwombe radhi mbele ya kichochoro kizima.

Alhamisi, 6 Juni

Wali umeungua tena. Nyumba kimya, hata wa kunicheka hayupo. Lakini tuseme kweli: mvua ya Mwalimu imewahi kumbebesha nani kiti? Bendera aliifunga yeye, na machozi yalikuwa yanamtoka. Niliyaona. Msomaji wangu bora.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeomba radhi baada ya sala, wote wakisikia. Mama Nuraeni akaniambia babu mzima sina haya. Wagiyem, aliyekuja kutoka Bekasi kwa ajili hiyo, kasikiliza hadi mwisho, kisha akasema niape kwamba sitamuua tena. Nikaapa. Jioni tumekula samaki. Nilikula kama niliyetoka kufungwa.

Jumapili, 9 Juni

Kiapo ni kiapo. Wagiyem simgusi.

Nimetuma mpya asubuhi hii: "Mwalimu Priyanggono amefariki leo alfajiri." Chini kuna sentensi ya pili, nzuri sana, anayetaka atabonyeza. Naona beseni zinaanza kutoka milangoni.

Mwalimu, nakudai moyo mmoja tangu Jumatatu. Tafadhali ubonyeze sasa hivi, kabla viti havijafika kwako.