Po-yen na Vita vya Pakiti ya Kijani

Sogeeni, enyi wenye masikio, na anayetafuna ateme kwanza, maana nakuja na habari iliyoitikisa Taichung, mji wetu wa mashine, asubuhi ile Hsiao Po-yen, mhandisi, fahali wa ghorofa ya pili, mshika kipanya cha kompyuta asiyeshindwa, alipopambana na adui asiyeonekana.

Po-yen alikuwa ameziunganisha kompyuta zote za kiwanda zikawa na akili moja. Mchoro wa gia ukichorwa juu, huteremka wenyewe, hupanga kazi, huita chuma kutoka ghalani na kuziamuru mashine zikate, wala mkono wa binadamu haugusi kitu. Siku hiyo bosi Yeh alitaka gia moja itoke kabla ya chakula cha mchana, la sivyo mfumo ung'olewe na watu warudi kwenye makaratasi. Ujana wote wa Po-yen ulikuwa umeishia humo.

Sasa, sisi watu wa Taichung, pamoja na elimu yetu yote, hatuwashi mashine bila kuiwekea pakiti ya kijani ya bisi za nazi, ili itulie, isilete ukaidi. Sharti iwe ya kijani, isiwe imepitwa na tarehe, na asiile mtu. Shujaa wetu, aliyetoka nyumbani bila kifungua kinywa, akasimama kando ya roboti ya kukatia chuma, akaipasua pakiti yake, akaila yote.

"We mtoto!" Mama Kuei, fundi wa zamu, akashika kiuno. "Umekula pakiti ya mashine?"

"Ewe mama Kuei," akanena Po-yen, kifua mbele, "zama za hirizi zimekwisha! Hapa inatawala hesabu. Je, hesabu ikaombe msaada kwa bisi?"

"Haya. Mimi simo."

Hata bosi Yeh alipowasili na msafara wake, Po-yen akabonyeza. Mchoro ukateremka, chuma kikaja, roboti ikanyoosha mkono wake mrefu hadi juu ya meza ya kukatia, ikaganda. Kwenye skrini pakaandikwa: MEZA INA KITU. Na meza ilikuwa tupu, kila mtu aliiona.

Ndipo vita vikapamba moto. Po-yen akazima, akawasha, akaibembeleza, akaitukana yenyewe na ukoo wake. Jasho likamtiririka hadi kwenye soksi.

"Po-yen," alisema bosi, "karatasi haijawahi kunigandia. Na pakiti iko wapi?"

Mama Kuei akatazama dari.

Po-yen, bingwa wa hesabu, akatoka mbio. Alivuka barabara, akavamia duka, akazipita pakiti za manjano na nyekundu, rangi za balaa kwa mashine, akapanda kreti ya soda na kuiteka ya kijani, moja tu iliyobaki rafu ya juu. Alirudi ameikumbatia kama mtoto mchanga.

Alipoinama kuiweka mahali pake, akaona. Juu ya jicho la umeme, lile linaloiambia kompyuta kama meza ina kitu, ilikaa chembe ya bisi, kombo la kifungua kinywa chake. Mfumo wake ulikuwa umesema kweli tangu mwanzo! Furaha na aibu vikamjia kwa pamoja. Akalamba kidole, akaidonoa chembe, akaimeza, akaweka pakiti.

Roboti ikashuka. Chuma kikalia. Gia ikatoka, inang'aa.

"Pakiti hiyo!" akanguruma bosi Yeh. "Leteni katoni nzima! Mfumo unabaki!"

Watu wakapiga makofi, wakaiinamia pakiti. Po-yen hakuinamiwa na mtu.

"Bosi, kwa kweli ile ilikuwa ni..."

Mama Kuei akamkanyaga mguu. "Nyamaza, mwanangu. Na ufute mdomo, una unga wa nazi."

Akafuta. Basi vizazi na vijue kwamba siku ile, katika Taichung, chuma kiligeuka gia bila kuguswa na mkono wa binadamu, ukiondoa kidole kimoja, chenye mate.